Klipu haijapitwa na wakati kwa mgonjwa wa Lamu

Familia ikiambiwa kwamba ateri (mshipa wa damu) ya ubongo ya mtu wao imefura na kuvuja damu, hofu ya kwanza ni kufunguliwa kichwa. Ndiyo maana koili, nyuzi laini za metali zilizojikunja, hupendwa. Tangu daktari Guido Guglielmi alipozileta koili za platini mwaka 1991, daktari hupitisha katheta, mrija mwembamba, kinenani hadi ubongoni, akaujaza uvimbe kwa ndani, na fuvu halitobolewi. Klipu, kibanio kidogo cha metali alichoanza kukitumia daktari mpasuaji Walter Dandy mwaka 1937, hudai fuvu lifunguliwe na shingo ya uvimbe, pale unapoungana na ateri, ibanwe.

Watetezi wa koili wana hoja nzito: utafiti wa kimataifa wa ISAT wa mwaka 2002, uliolinganisha njia hizi mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa 23.7% kwa koili na 30.6% kwa klipu. Karibu watu saba katika kila mia! Tofauti hiyo siipuuzi. Lakini waliohesabiwa ni nani? Wagonjwa 9,559 walichunguzwa, wakaingizwa 2,143 tu, wale ambao madaktari waliona njia yoyote kati ya hizo mbili ingewafaa. Wengi walikuwa na hali nzuri na uvimbe mdogo. Mwenye uvimbe wa shingo pana, ambao koili hazitulii ndani yake, takwimu ile haimsemei sana. Wala yule ambaye bonge la damu linamkandamiza ubongo. Huyo fuvu hufunguliwa kwa vyovyote ili damu itolewe.

Isitoshe, ule ni mwaka mmoja. Mapigo ya damu huweza kuzisonganisha koili, uvimbe ukafunguka upya. Wafuatiliaji wa ISAT waliripoti mwaka 2007 kwamba 17.4% ya waliowekewa koili walitibiwa tena, dhidi ya 3.8% ya klipu. Kweli, kuvuja tena kulikuwa nadra, lakini ni kwa watu waliofuatiliwa kwa picha.

Sasa mfikirie mvuvi kijana wa Lamu. Kila angiografia, picha ya mishipa ya kukagua koili, ni boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa au mbali zaidi, pamoja na nauli ya anayemsindikiza na siku za kazi zilizopotea. Asiporudi, hakuna atakayejua koili zimekaaje. Klipu iliyobana sawasawa humpunguzia sana safari hizo.

Kwa mzee dhaifu, au uvimbe ulio nyuma kwenye ateri ya basila, mshipa ulio mbele ya shina la ubongo, ningechagua koili bila kusita. Kwa kijana huyu, nataka daktari amuulize kwanza kama ataweza kurudi, na jibu lake lipimwe sambamba na picha za ubongo.