Programu ya Kukodisha Sidii Imehamia Shambani

Mwaka 2009 niliandika programu kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu za Windows, ya kibanda cha kaka yangu cha kukodisha sidii, hapa Newala. Ilijua mambo matatu tu: nani kachukua, kachukua nini, kachelewa siku ngapi. Baadaye watu wakaanza kurushiana filamu kwa memori kadi, kibanda kikageuka saluni, programu ikalala kwenye fleshi. Nilikuwa naionea aibu.

Msimu uliopita kikundi chetu cha wakulima wa korosho kilinunua pampu mbili za kupulizia salfa. Ugomvi haukuchelewa. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo umetulia, kwa hiyo wote wanaitaka pampu saa ile ile, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, hausubiri zamu ya mtu. Mjomba, mweka hazina wetu, alikuwa na daftari lililoloa petroli hadi majina hayasomeki.

Nikasema nitaandika kitu kipya, cha kwenye simu. Jumapili tatu zikaisha nikichagua rangi! Hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tunapojidanganya: tunapenda kuanza upya kwa sababu kilichopo hakina sura, si kwa sababu hakifanyi kazi. Jumapili ya nne nikachomeka fleshi. Ikafunguka kwenye Windows 10 bila kulalamika.

Kazi kubwa ikawa kufuta. Bei, picha za makava, vyote nje. Faini nayo waliikataa. "Mpwa wangu, ndugu watozane faini ya pampu?" Mjomba aliniuliza, na sikuwa na jibu. Ila ile hesabu ya siku za kuchelewa niliibakiza, nikaigeuza: sasa inahesabu siku tangu shamba lipulizwe mara ya mwisho. Zikifika 14, muda tuliojiwekea, jina linakuwa jekundu, na mwenye jina jekundu ndiye anayetangulia. Mistari minne tu ndiyo iliyobadilika. Kumbe nilichokuwa nimekiandika miaka yote hiyo hakikuwa cha sidii, kilikuwa cha nani anashikilia kitu cha wenzake.

Kuna sehemu moja imenishinda. Nikijaribu kubadilisha neno "Filamu" lililobaki humo, ripoti nzima inagoma kuchapa. Basi karatasi iliyobandikwa ukutani kwa Mjomba inasomeka "Filamu: Pampu Na. 2". Juzi jirani kanipigia saa kumi na moja alfajiri: "Samahani kaka, ile filamu ya pili imesharudi?"