Hema la Bulengo likishabomolewa, mtu alale wapi?

Februari 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wetu wa Goma, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakazi wa kambi ya Bulengo walipewa saa 72 kuondoka. Kambi nyingine za kandokando ya mji, kama Kanyaruchinya, zilikuwa zimeshaanza kuhamwa. Barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro, masufuria na maturubai yaliyokunjwa. Aliyekuwa na chochote mfukoni alikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani walikuwa wakiishi katika kambi hizo, wengine kwa zaidi ya miaka miwili.

Tangu siku hizo mjadala wetu hapa mjini ni uleule: je, ilikuwa haki kambi zifungwe? Wanaosema ndiyo wana hoja zisizo za kubeza, na nataka kuzisema kama wanavyozisema wenyewe.

Kambi za Goma hazikuwa mahali pa kulea mtoto. Ardhi yetu ni mawe ya volkeno. Kuchimba choo cha maana ni kazi ya nyundo, na choo kifupi kikijaa, mvua moja tu inatosha kusambaza uchafu hadi mlangoni mwa jirani. Kipindupindu hakikuhitaji mwaliko. Akina mama waliokwenda kutafuta kuni upande wa hifadhi ya Virunga walibakwa, wakarudi, na kesho yake wakaenda tena kwa sababu chungu hakiivi bila moto. Wala turubai halikuzuia vita: tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, watoto wakiwemo. Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalioni haraka. Mkulima wa Masisi, wilaya jirani, aliyezoea kuvuna maharagwe na viazi vyake, alikuwa anapanga foleni ya unga akiwa na kadi mkononi. Anayesema heri mtu huyo arudi shambani kwake si lazima awe adui yake. Wengi walitamani kurudi, na wapo waliofunga mizigo wenyewe mara tu waliposikia kijiji kimetulia.

Lakini kutamani kurudi na kupewa saa 72 ni mambo mawili. Mkataba wa Kampala, ambao nchi za Afrika ziliupitisha mwaka 2009 kwa ajili ya wakimbizi wa ndani, unataka mtu achague mwenyewe kurudi, kubaki au kuhamia kwingine, na afanye hivyo kwa usalama na heshima. Uchaguzi gani unapatikana wakati turubai la jirani tayari limeshashushwa? Waliofika kwao, wapo waliokuta nyumba haina bati wala mlango, au shamba linalimwa na mwingine. Wengine waligeuza njia, wakarudi mjini kimyakimya, wakalala kwenye madarasa, makanisani, au kwa shangazi mwenye vyumba viwili. Hapo ndipo ninapoumia. Kambi ikifungwa, hesabu inapungua, watu hawapungui.

Tena haya si mapya kwetu. Mwaka 2009 pia kambi kadhaa za kandokando ya Goma zilihamwa ndani ya siku chache, ikaonekana mambo yamekwisha. Vita vya 2012 vilipoanza, Mugunga na Bulengo zikajaa upya.

Miji ya mbali nayo inagombana juu ya jambo hili, ingawa bila vita. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mji wa Grants Pass, jimboni Oregon, unaweza kuwatoza faini wanaolala nje katika maeneo ya umma. Finland ilichagua njia nyingine tangu 2008: mtu apewe kwanza ufunguo wa nyumba, matatizo yake mengine yashughulikiwe akiwa ndani, na idadi ya wasio na makazi ikashuka sana kwa miaka mingi. Goma haitakuwa Helsinki. Kule kuna dola inayolipa kodi ya nyumba na hakuna bunduki mlimani. Ninachokitaka kutoka kwao ni ule mpangilio: mahali pa kulala kwanza, kuondolewa baadaye.

Kwetu mahali hapo pa kulala tayari papo, napo ni kwa ndugu. Katika Kivu wakimbizi wengi wa ndani huishi kwenye familia zinazowapokea, si kambini. Wapo wanaopendekeza kila familia iliyotoka kambini ipewe pesa za kupanga. Wazo ni jema, ila mwenye nyumba wa Goma hudai garanti, yaani amana ya kodi ya miezi kadhaa, na pesa nyingi za kupanga zikimiminika kwa mkupuo mmoja, kodi itapanda hata kwa mwenyeji asiyepewa kitu. Isitoshe, benki za mji zilifungwa Januari 2025, na kupata noti kukawa mateso. Naona afadhali mbao, bati na misumari, ili anayepokea aongeze chumba nyuma ya nyumba yake. Mgeni akirudi kijijini salama, chumba kinabaki kwa mwenyeji.

Kwa maibobo, watoto wa mitaani, wa mtaa wa Birere hapa Goma, mpangilio ni huohuo. Msako wa usiku huwaondoa barabarani hadi asubuhi. Kituo cha Don Bosco Ngangi huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mtoto lazima kwanza atafutiwe jamaa yake.

Wakati wa kambi, misaada mingi ilifuata orodha za kambi. Mama wa mtaa wa Ndosho mwenye nyumba ya mbao, anayelaza watu kumi na wawili sakafuni pamoja na wanawe, hakuwa kwenye orodha yoyote. Kambi zimefungwa, na wageni wake wameongezeka.