Ahadi ya Utafiti Hupimwa kwenye Fungu la Fedha

Mbunge anaposimama kuitetea sayansi, wengi wetu huisikiliza hotuba yake na kuusoma muswada aliouunga mkono, kisha tunaondoka tumeridhika. Naona tunatazama pasipo penyewe. Nguvu kubwa ya bunge juu ya teknolojia, nishati na utafiti imo katika fungu la fedha linalopitishwa kila mwaka, na huko ndiko ahadi nyingi hufia kimya kimya.

Tuchukue Sheria ya Chipu na Sayansi ya Marekani, iliyotiwa saini Agosti 2022. Viwanda vya chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta na simu, vilitengewa fedha taslimu ndani ya sheria yenyewe, takriban dola bilioni 52.7. Utafiti uliwekewa tu ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa, bila fedha zenyewe, viwango ambavyo kamati za bajeti zilikuwa huru kuvifikia au kuviacha. Kwa mwaka wa fedha 2024, Wakfu wa Taifa wa Sayansi, taasisi ya serikali inayofadhili utafiti, uliruhusiwa kupewa takriban dola bilioni 15.6, lakini Bunge likaupa takriban bilioni 9, kiasi kilicho chini hata ya kile cha mwaka uliotangulia. Pengo hilo halikuhitaji mtu yeyote kusimama na kutamka kwamba anaipinga sayansi.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa zamani. Karibu na mji wa Waxahachie, Texas, Marekani ilianza kuchimba handaki la mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu ili kuchunguza maada imeundwa na nini, handaki ambalo lingezunguka kilomita 87. Oktoba 1993 Bunge liliufuta mradi huo, baada ya dola zipatazo bilioni 2 kutumika na zaidi ya kilomita 22 kuchimbwa chini ya ardhi. Sisemi kwamba wabunge hawakuwa na hoja, kwani makadirio ya gharama yalikuwa yamepanda kutoka dola bilioni 4.4 hadi zaidi ya bilioni 11, na mlinzi wa hazina asiyeshtushwa na ongezeko kama hilo hafai kazi yake. Lakini mradi wa miaka mingi unaolazimika kuombewa uhai upya kila mwaka hukosa utulivu: ukipewa fedha pungufu hurefuka, ukirefuka hugharimu zaidi, na gharama hiyo mpya ndiyo inayotumiwa kuuhukumu. Chembe ya Higgs, mojawapo ya zile ambazo mtambo wa Texas ulikusudiwa kuzitafuta, ilikuja kupatikana mwaka 2012 katika CERN, maabara ya pamoja ya nchi za Ulaya mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako nchi wanachama huchangia kwa mujibu wa mkataba.

Wabunge wa Ujerumani walilitambua tatizo hili la muda. Sheria ya nishati jadidifu iliyoanza kutumika Aprili 2000 ilisukumwa na wabunge wenyewe, akiwemo Hermann Scheer na Hans-Josef Fell. Iliwalazimu wenye gridi kuunganisha mitambo ya jua na upepo na kuununua umeme wake kwa bei iliyopangwa, kwa muda wa miaka 20. Mwenye nyumba aliyetaka kuweka paneli juu ya paa lake aliweza kwenda benki na hesabu inayoeleweka, kwa sababu mapato yake hayakutegemea bajeti ya mwaka unaofuata. Mzigo wa gharama uliangukia ankara za watumiaji umeme, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo, sehemu ya umeme jadidifu katika matumizi ya nchi hiyo ilipanda kutoka takriban asilimia 6 mwaka 2000 hadi zaidi ya nusu mwaka 2023.

Ili kuamua mambo ya namna hii, bunge linahitaji wataalamu wake lenyewe, wasiotumwa na wizara wala kampuni. Marekani ilikuwa nao. Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikawaandalia wabunge mamia ya ripoti, kisha mwaka 1995 ikanyimwa fedha na kufungwa. Sheria iliyoiunda haikufutwa. Bunge la leo halihitaji hata kuandika muswada mpya ili kuirudisha. Linahitaji kulijaza tena fungu lake.