Ule haukuwa ukungu

Kwanza niizime hiyo habari inayozunguka kwenye magrupu tangu asubuhi. Sikukimbizwa na mzee wa watu kwa kuiba korosho. Jamani, huu mwezi wa saba! Mikorosho ina maua. Korosho zenyewe tunaanza kuziokota mwezi wa tisa, wa kumi huko. Sasa nimeiba nini, maua? Na jamaa yangu aliyesambaza ile picha ni mtoto wa Newala, hayo anayajua kuliko mimi. Roho mbaya tu.

Ukweli ni huu, na macho bado yanawasha, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Kipupwe cha Mtwara mnakijua. Joto limetuachia, asubuhi nyuzi 20 hivi, watu wanatoka na masweta. (Ndugu zangu wa Makete mnaoamkia barafu kwenye majani, msicheke, kila mtu na baridi yake.) Ndiyo miezi ambayo mtu wa huku anaweza kukimbia na akarudi kwa miguu yake. Basi tunatoka Shangani alfajiri, mimi na huyo mbea, tunapita uwanja wa Nangwanda Sijaona, tunakwenda zetu mpaka Mangamba, kule mji unakoanza kuchanganyika na mikorosho.

Leo nilimwacha nyuma. Hedifoni masikioni, jezi mpya ya Simba mwilini, nikakata kinjia cha mikoroshoni. Kusi lilikuwa bado halijaamka, jani halitikisiki, umande unadondoka. Mbele yangu, ukungu. Unaelea polepole chini ya matawi, una ki-umanjano fulani hivi, nikajua ni jua linachomoza. Nikasema leo ndiyo leo, status ya watu wenye maisha yao.

Nikatoa simu. Nikawasha video. Nikasikia kitu kinanguruma, nikajua bodaboda. Nikasogea mpaka ukungu ukanifikia miguuni, ukapanda kiunoni. Nikatanua mikono. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi, ile ya kutoka tumboni, ya kuhesabu mpaka nne.

Nilifika tatu.

Msio wa kusini niwaeleze haraka. Kuna ugonjwa unaitwa ubwiriunga, ukungu mweupe (wa kuvu, si huu wa hewani) unaokausha maua ya mikorosho, na unapenda baridi hii hii ninayoisifia mimi. Dawa yake ni salfa ya unga. Inapulizwa alfajiri, upepo umetulia, ili isipeperuke, na majani yawe na umande, ili ishike.

Mimi nilikuwa nimelowa jasho chapachapa. Ikashika.

Nilikohoa mpaka nikasahau jina langu. Nikafumbua macho, kosa! Nikayafikicha kwa mkono wenye salfa, kosa kubwa zaidi! Katikati ya machozi nikamwona mzee, mashine mgongoni, kitambaa kimemziba uso mzima, ananitazama kama anayeona jini. Na adabu ya kwetu haimwachi mtu hata akifa:

"Shik... shik... shikamoo mzee!"

"Marahaba. Huku ndani unatafuta nini?"

Hebu nisaidieni, ungejibu nini hapo? Uzuri wa asubuhi? Nikanyamaza, nikaendelea kukohoa. Mzee akazima mashine, akanikagua kuanzia utosini mpaka viatuni, akautazama mkorosho, akanitazama tena.

"Salfa yote ya mti huu umeibeba wewe," akasema. "Haya. Mwaka huu ubwiriunga haukupati."

Jamaa yangu akafika hapo. Hakuuliza kama nipo hai. Jezi ya Simba haikuwa na alama ya wekundu hata moja, nimekolea njano mpaka kope, na yeye ni Yanga wa kuzaliwa. Alicheka akakaa chini. Akapiga picha akiwa amekaa, ndiyo maana kwenye ile picha naonekana mrefu. "Usajili umekamilika," anasema. Ndiyo maneno aliyotanguliza kwenye grupu, la wizi aliliongeza baadaye kukoleza mchuzi.

Bodaboda walikataa kunipakia, nikarudi kwa miguu, watoto wa Magomeni wakanisindikiza, nikaoga, nikaoga tena, bado nanuka kiberiti. Mama wa nyumbani kaniwekea chakula barazani.

Mzee kaniambia niende Jumamosi nikamsaidie kupuliza mistari iliyobaki, nimlipie salfa yake. Nitakwenda. Nimeshanunua barakoa, na jezi nitavaa ya huyu mbea.