Baiskeli ya umeme katika barabara za Tanga: ihesabiwe baiskeli au pikipiki?

Tanga imezoea baiskeli kuliko miji mingi ya Tanzania. Ardhi yake ya pwani ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na kutoka Makorora hadi Chumbageni ni mwendo ambao mama mwenye kapu, fundi mwenye mfuko wa vifaa na mwanafunzi wa sekondari wote huumudu kwa kukanyaga pedali. Ndiyo maana mota ya umeme inapofungwa kwenye baiskeli, suala la kisheria linalozuka hapa humgusa mtu ambaye hajawahi kuwa na leseni, bima wala namba ya usajili, na ambaye hakuna aliyewahi kumdai vitu hivyo.

Kwa pikipiki ya kawaida mambo yako wazi. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, na sheria nyingine zinazoambatana nayo, pikipiki husajiliwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na kupewa namba zinazoanza na herufi MC, dereva huwa na leseni ya kundi A, huvaa kofia ngumu, na chombo hukatiwa walau bima ya mtu wa tatu. Akibeba abiria kwa malipo, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, nayo humtaka awe na leseni ya usafirishaji. Mwendesha baiskeli hudaiwa machache: akae kushoto, atii alama na taa za barabarani, aonekane usiku. Baiskeli ya umeme ina pedali za huyu na mota ya yule.

Ugumu unaonekana zaidi kwenye leseni. Madaraja ya pikipiki yamepangwa kwa ukubwa wa injini: A kwa zinazozidi cc 125, A1 kwa zilizo chini ya hapo, A3 kwa vipikipiki visivyozidi cc 50. Mota ya umeme haina silinda, kwa hiyo haina cc za kuhesabu. Askari anayetaka kujua mbele yake kuna chombo cha daraja gani hana kipimo cha kumwongoza, na mwenye chombo naye hana cha kujitetea.

Wanaotaka kila chenye mota kihesabiwe pikipiki wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya bima. Mzee anayevuka barabara akigongwa na baiskeli ya umeme na kuvunjika nyonga, ni nani atakayelipa? Angegongwa na bodaboda yenye bima, sheria ingempa mahali pa kudai. Akigongwa na chombo kinachoitwa baiskeli, amebaki na mfuko wa aliyemgonga, na mara nyingi mfuko huo ni mtupu. Kasi nayo haipuuziki. Kwa uzito uleule, chombo kinachokwenda kilomita 45 kwa saa hubeba nguvu ya mgongano iliyo zaidi ya mara tatu ya kile kinachokwenda kilomita 25, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Anayesema kwamba hii ni baiskeli tu yenye msaada kidogo hana budi kwanza aeleze msaada huo unakoma wapi.

Upande wa pili nao una haki yake. Ukimtaka mama wa Mikanjuni asajili, akate bima, asomee leseni na alipe ada zote za pikipiki kwa chombo kinachokwenda taratibu kuliko kijana mwenye miguu mizuri juu ya baiskeli ya Phoenix, ama atarudi kwenye daladala, ama ataendesha kwa kujificha. Isitoshe, mamlaka zilikwisha kukubali kwamba vyombo vidogo havistahili kubebeshwa mzigo sawa na malori, pale bajeti ya 2021/22 ilipopunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Busara hiyohiyo inaweza kushuka ngazi moja zaidi.

Nchi nyingine zimechora mstari katikati. Katika Umoja wa Ulaya, chombo hubaki baiskeli iwapo mota yake haizidi wati 250, inasaidia pale tu mtu anapokanyaga, na inajikata mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Uingereza hufuata vipimo hivyo na kutaka mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. China, kwa kiwango kilichoanza kutumika Aprili 2019, iliruhusu hadi wati 400, lakini kasi iliishia palepale kwenye 25. Marekani ni wakarimu zaidi: sheria yao ya shirikisho inafika wati 750 na takriban kilomita 32 kwa saa.

Kwa maoni yangu, tuchukue kasi ya Ulaya na tuache wati zake. Baiskeli ya Tanga hubeba gunia la mkaa, madumu ya maji au mtoto anayepelekwa shule, na vipimo vya wenzetu havikuwekwa kwa kuwazia mizigo hiyo. Mota yenye nguvu zaidi inayovuta mzigo kwa mwendo wa kilomita 20 haimtishi mtu kama mota ndogo inayokimbia 40. Tena kasi inapimika. Askari wa barabara ya kwenda Horohoro tayari ana tochi ya kupimia mwendo mkononi, ilhali wati hazionekani kwa macho na kibandiko cha kiwandani hubadilishwa bila taabu. Kazi ya kuhakiki mota na mahali inapojikata ifanywe na Shirika la Viwango (TBS) bidhaa inapoingia nchini, wala isisukumwe kwa askari aliyesimama juani.

Mpango huo una tundu moja kubwa. Mota zinazofungwa na mafundi wetu kwenye baiskeli za zamani huingia nchini kama vipuri, na zinaweza kupachikwa kwenye Phoenix yenye breki za vyuma ambazo hata kwa nguvu za miguu pekee zilikuwa za kubahatisha, hasa mvua ikinyesha. Hapo ukaguzi wa bandarini hausaidii kitu. Baiskeli ya namna hiyo ingefaa ikaguliwe breki mara moja, kwa ada ndogo, kabla ya kuruhusiwa barabarani, na fundi aliyeifunga atoe risiti yenye jina lake.

Kwa vyombo visivyo na pedali, vinavyoondoka kwa kuzungusha mkono tu, sioni cha kubishania. Hizo ni pikipiki hata kama hazina moshi wala mlio, na mwenye nayo aende TRA na kwa wakala wa bima kabla hajaitoa barabarani.