Punda milia wa Jambiani

Mjomba wangu ni fundi mwashi, na huku kwetu maweni kila akipasua jiwe la kujengea hutoka kitu. Juzi moja lilifunguka vipande viwili, ndani mna chaza mzima, midomo imefumbana. Mjomba akamkung'uta kwa nyundo. "Kombe tu hilo, mpwa wangu. Yamejaa."

Yamejaa kweli. Skuli tulifundishwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, kwa picha ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambaye leo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Hakuna mwalimu aliyetwambia tuguse ukuta wa darasa. Nenda Mji Mkongwe, tafuta pahala chokaa ilipobanduka: utaona vinyota vidogo vidogo vimepangana kwenye jiwe. Kila kinyota ni nyumba ya mnyama mmoja wa tumbawe.

Lakini kisukuku kinachonisumbua mimi ni punda milia.

Katika Pango la Kuumbi, Jambiani, ambako watu bado hupeleka nadhiri zao kwa mizimu, wataalamu walichimba na kukuta mifupa ya punda milia na nyati. Unguja hii, ambayo hata paa nunga tunamtafuta kwa tochi! Na hawakuingia na sururu. Walivuta kamba, wakagawa miraba, wakaondoa udongo tabaka baada ya tabaka kwa mwiko wa kiwashi, kama huo wa mjomba, kisha wakauchekecha. Kila jino likaandikiwa limetoka mraba gani, kina gani. Mkaa uliolala tabaka moja na jino hupimwa kaboni yake, na hapo umri hujulikana, mradi usizidi kiasi cha miaka 50,000.

Punda milia hakuja kwa boti. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilishuka kiasi cha mita 120, na maji yaliyopo baina ya Unguja na bara ni machache, kwa hiyo palikuwa pakavu. Ungetoka Bagamoyo kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, basi wenzetu walibaki visiwani mwao wakati sisi tumeungana na bara. (Mpemba akisema wao ndio wenye kisiwa cha asli, mwache, ana hoja.) Bahari iliporudi, wanyama wakubwa wakabanwa. Ukipanda matabaka ya pango kutoka chini kwenda juu, wao wanapungua, mwisho wanabaki akina paa. Sisi tunaoishi juu ya kisiwa hiki, na bahari inapanda tena, hilo si la kulipita.

Wachimbaji wa mwanzo walisema pia wameona kuku wa maelfu ya miaka. Timu iliyokuja baadaye ikachimba, ikapima, ikakataa. Kuna wanaocheka: wasomi wenyewe hawaelewani! Mimi ndipo ninapowaamini. Mfupa uliandikiwa ulikotoka, ndiyo maana mwengine aliweza kurudi na kubisha.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea jino ndani ya kikopo cha maziwa, kaliokota pangoni, anataka nimtafutie mgeni wa kulinunua. Jino zuri, limekolea rangi ya kahawa. Nikamuuliza: pango lipi? Juu juu au ulifukua? Palikuwa na mkaa? Hakumbuki. Alikuwa ameleta jino na kuacha habari yake yote kizani, na hakuna maabara duniani itakayoirudisha. Nilikasirika kuliko ilivyostahiki, nakiri.

Yule chaza wa mjomba nimemwokota. Nimempiga picha na jiwe lake, nimeandika shimo gani na urefu wa mikono mingapi kutoka juu. Siku hizi mjomba akiona kitu huita kabla ya kukung'uta: "Njoo, kombe lako hili!" Kisha ananung'unika kwamba kazi imelala, maana mchanganya udongo wake ni mimi.