Ubora wa video za ngoma: tuamini programu au tuulize watu?

Wanaorekodi ngoma na harusi hapa Bagamoyo wana ubishi wao. Wengine wanasema ubora wa video siku hizi unapimwa na programu, anayebisha abishane na namba. Wengine wanasema video yenye namba nzuri bado inaweza kumkera mtazamaji, basi aulizwe yeye. Hawa wa pili huchekwa kwamba wanakwenda kwa hisia. Naona wanaonewa.

Wa kwanza wana hoja, tusiwadhulumu. VMAF, programu ambayo Netflix iliitoa mwaka 2016, hulinganisha video iliyobanwa ili faili liwe dogo na ile ya asili, ikatoa alama kati ya 0 na 100. Haichoki, na faili lilelile kesho litapata alama zilezile. Kuuliza watu ni kazi na gharama: mwongozo wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, uitwao BT.500 unataka watazamaji wasiopungua 15, wapimwe macho kwanza, na mwanga wa chumba udhibitiwe. Kwa video ya harusi, nani atalipa?

Lakini tazama sauti inapopishana na picha. Pendekezo la ITU la mwaka 1998, BT.1359, linasema sauti ikitangulia picha kwa milisekunde (elfu moja za sekunde) 45 hivi, watu wanaanza kugundua. Ikichelewa, hawagundui mpaka ifike kama 125. Karibu mara tatu! Kwa mujibu wa saa, milisekunde 100 ni zilezile, ziwe mbele au nyuma. Kwa mtu, za mbele ni kasoro, za nyuma zinapita kimya kimya. Tofauti hiyo isingejulikana bila kuwauliza watu.

Na si ubabaishaji wa hisia. Simama ufukweni, mbali kidogo na fundi anayegongelea misumari ya jahazi: nyundo inashuka, ndipo mlio unakufikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 40 tu kutoka kwake, mlio umeshachelewa milisekunde 118 hivi. Tumekua na ucheleweshaji huo. Mlio unaotangulia pigo hatujawahi kuusikia popote isipokuwa kwenye skrini.

Sasa ipeleke kasoro hiyo kwenye video ya ngoma. Mkono bado uko hewani, mlio umeshatoka. Mzee anayeijua ngoma hatalaumu kompyuta. Atasema mpigaji hajui. VMAF itatoa alama zilezile, maana hupima picha tu, haisikii kitu. Utaambiwa vipo vipimo vya sauti, kama POLQA. Vipo, ila hicho kiliundwa kwa maongezi ya simu. Isitoshe, VMAF yenyewe ilifunzwa kwa alama za watu. Anayeiamini ameshawaamini watazamaji, ila wa kwingine, waliotazama video nyingine.

Udhaifu wa kuuliza watu, kwangu, uko kwenye wastani. Kwa alama za 1 hadi 5, watu kumi wakitoa 1 na kumi wakitoa 5, wastani ni 3, alama ambayo hakuna hata mmoja aliyeitoa. Kwa hiyo programu ichuje matoleo mabovu ya video, kisha yaliyobaki watu wayatazame kwenye simu zao wenyewe. Wapigaji ngoma nao waitwe, ingawa majaribio ya namna hii kwa kawaida hutaka wasio wataalamu, ila alama zao ziandikwe kando, zisizamishwe kwenye wastani wa wengine.